Amana Iliyotoka Ardhini

Sura ya Tisa

Mwajabu alikuwa ameshakaa kwenye benchi la nje ya kituo kabla Inspekta Bupe hajafika. Kikapu kilikuwa mapajani, hotipoti ndani ya kikapu. Bupe akamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha bila kuambiwa akafunua hotipoti na kula kijiko cha wali mbele ya askari wa zamu. Ndiyo utaratibu: chakula cha mahabusu huonjwa kwanza na aliyekileta. Alikuwa akionja hivyo tangu mumewe akamatwe, na kila siku Bupe alikuwa akimpita hapo.

"Kesho ndiyo mnampeleka?" aliuliza Mwajabu.

"Kesho asubuhi, mama. Mahakamani."

"Kwa kuua."

"Ndiyo kesi iliyopo."

Mwajabu akafunika hotipoti, akaikabidhi. Akaomba tu mumewe aambiwe amalize, maana jana alirudisha nusu.

Mumewe, Twaha, alikuwa mlinzi wa eneo la kisima kule Chamazi. Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana, alikutwa ndani ya shimo la tope la mtambo wa kuchimbia, tope limemfika kifuani, ameikumbatia maiti ya Erasmus, mjiolojia wa mradi wa maji. Kisogo cha Erasmus kilikuwa kimepasuka. Mama muuza mihogo aliye ng'ambo ya uzio alisema asubuhi ya siku hiyo aliwasikia wakizozana, na alimsikia wazi Erasmus akimwambia mlinzi, "Unanidanganya." Mkandarasi wa kisima, Rogers, alisema yeye na fundi wake Venance walikuwa juu ya mtambo wakiongeza bomba, injini inanguruma, hawakujua lolote mpaka Twaha alipopiga kelele. Venance naye akasema hayo hayo.

Afande Stanley, mkuu wa upelelezi, aliyasoma maelezo yote mara moja tu. Akasema hii haina upelelezi, hii ni ya kuchapa na kupeleka.

Bupe hakuwa na cha kumpinga nacho. Alishakwenda Chamazi, akazunguka lile eneo lote, akaandika alichokiona: mtambo, mabomba, shimo la tope, kibanda cha mlinzi chenye mkeka wa kuswalia. Kila chuma pale kilikuwa kimeliwa na kutu isipokuwa spana moja kubwa ya mabomba, bado ina grisi ya dukani. Aliliandika na hilo, basi. Kilichomkera ni vitu viwili tu. Maelezo ya Rogers na ya Venance yalifanana mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Na Twaha alikuwa na ombi moja ambalo halibadiliki.

Akaagiza atolewe mahabusu. Twaha akaletwa, akakaa, mikono juu ya magoti. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, kanzu aliyoletewa na mkewe ingali na mistari ya pasi. Bupe akamrudisha mwanzo kabisa. Twaha akajibu kama siku zote: alikuwa kibandani anaswali adhuhuri, alipotoka akaona kiatu kinaelea kwenye tope, akaruka. Asubuhi waligombania nini na marehemu? Mambo ya kazi. Kazi ipi? Kazi tu, afande. Halafu, kama siku zote, akauliza la kwake.

"Mjane wa marehemu ameshatoka Bukoba mazishini?"

"Unamtakia nini?"

"Nina neno naye."

"Niambie mie, nitamfikishia."

"Hilo haliwezi kupitia kwako, afande. Usinielewe vibaya."

Askari wote pale kituoni waliamini anataka kuomba radhi. Afande Stanley alikwishasema kwamba anayetaka radhi ameshakiri nusu. Lakini Bupe alikuwa amehoji wengi wanaoomba radhi, na wote hutazama sakafuni. Huyu alikuwa anamtazama usoni, na hakuna swali hata moja lililomtetemesha ila hilo la kwake mwenyewe.

"Amerudi jana," alisema Bupe.

Twaha akafumba macho, midomo ikasogea bila sauti. "Basi nipe nafasi nimwone kabla ya kesho. Baada ya hapo nipelekeni mnakotaka."

Kabla ya kwenda kwa mjane Bupe akapitia Keko. Nyuma ya gari alikuwa amepakia sanduku bapa la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, na ndani ya kila chumba konzi ya mchanga au ya udongo. Ni kielelezo alichokitoa Rogers kwa hiari yake. Kila bomba linapoongezwa, alieleza, mchanga unaopanda pamoja na tope huchotwa, ukaoshwa, ukapangwa sandukuni, wa juu ya ardhi mwanzoni, wa chini kabisa mwishoni. Chumba cha mwisho, kina cha mita mia sita, ndicho cha bomba walilokuwa wanaliongeza wakati mlinzi anafanya unyama wake. Alisema hivyo na akakigonga kwa kidole.

Kokushubila, mjiolojia aliyekuwa akifanya kazi na Erasmus, alimfungulia ghala lililoko nyuma ya mafundi seremala. Alikuwa ametoka misa, bado na viatu vya kanisani, na harufu ya vanishi ilikuwa imejaa hadi ndani. Ghala zima lilikuwa karatasi ndefu zilizokunjwa kama mikeka, zenye mihuri ya kampuni za mafuta. Bupe akauliza mtu anayetafuta maji, kama Erasmus, alikuwa anafanya nini na karatasi za watu wa mafuta.

Kokushubila akamweleza. Zamani watu wa mafuta waliizunguka pwani yote hii. Walilipua baruti ardhini wakasikiliza mwangwi unavyorudi kutoka kwenye miamba, kisha wakachimba visima virefu ambavyo mtu wa maji asingethubutu hata kuviota. Kimoja walikichimba kusini, karibu na bahari. Mafuta hawakuyapata. Walichokipata chini kabisa, chini ya maji ya chumvi, ni mchanga uliojaa maji matamu. Kwao hiyo ilikuwa hasara. Wakaandika, wakaziba kisima, wakaenda zao, karatasi zikalala miaka na miaka. Erasmus ndiye aliyezifungua akazisoma kwa jicho la mtu mwenye kiu. Akasema mchanga ule hauishii pale baharini, unakuja mpaka Chamazi, ambako visima vya mitaani vinatoa maji yasiyotoa povu hata ukimaliza mche wa sabuni.

Akatandaza karatasi ya kile kisima cha zamani juu ya meza, akaweka sanduku la Rogers kando yake, akaanza kulinganisha tabaka kwa tabaka. Bupe akafuata kidole chake. Mchanga, mchanga. Chokaa, chokaa. Udongo, udongo.

"Vinafanana," alisema Bupe. "Si ndiyo alichokuwa anakitaka?"

Kokushubila akarudisha kidole juu ya karatasi. Akaanza upya. Mara ya pili alipofika chini akavuta kiti.

"Vinafanana mno," alisema.

Badala ya kueleza alimshika Bupe mkono wakatoka nje, hadi kwa fundi aliyekuwa ameanika kitanda kando ya barabara, magodoro yamepangwa juu yake moja juu ya jingine. Akaomba ruhusa, akaingiza tofali chini ya mguu wa kitanda, upande mmoja ukainuka. Fundi akauliza kama wananunua au wanacheza.

"Miamba ya pwani imelala hivi," alisema Kokushubila. "Upande wa baharini umezama, upande wa Chamazi umeinuka. Ukichoma sindano huku, na nyingine kule, magodoro utayakuta yale yale, ila hayatakuwa kwenye kina kile kile. Yule mchanga Chamazi ulitakiwa uonekane mapema, juu zaidi. Sanduku la Rogers linauweka pale pale ulipo kule baharini. Hakuna kisima cha namna hiyo."

"Kwa hiyo kuna mtu amenakili karatasi."

"Amenakili, akatafuta mchanga wa kujazia."

Walirudi ndani. Kokushubila akaweka kidole kwenye chumba kimoja, chenye udongo mzito wa rangi ya bluu iliyofifia. Kuanzia juu hadi hapo, alisema, ni Chamazi ya kweli. Kuanzia hapo kwenda chini ni karatasi. Na udongo wa aina hiyo ukilikamata bomba hauliachii.

Bupe akamuuliza karatasi ile ilikuwa kwa nani. Kwa watu watatu: yeye, Erasmus na Rogers. Akamuuliza lile lililokuwa halikwepeki: kwa nini asiwe Erasmus mwenyewe aliyelijaza sanduku, ili mradi wake uonekane umefaulu?

"Afande, hapo unamzika mara ya pili."

"Nijibu hata hivyo. Mahakamani wataliuliza."

Kokushubila akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. Erasmus, alisema, alikuwa ameshapiga hesabu ya Chamazi, anajua mchanga utaonekana wapi. Angekuwa anaghushi, angeghushi kwa usahihi. Hesabu hiyo alikataa kumpa Rogers, akampa kumbukumbu za kisima cha zamani peke yake. "Alisema, nataka aniambie anachokiona, asiniambie ninachotaka kusikia."

"Lakini injini ilikuwa inanguruma kila siku. Mtaa mzima umeisikia."

"Injini inanguruma hata bomba lisiposhuka. Gari likinguruma gereji, limefika wapi?"

Bupe akaikumbuka sentensi moja iliyokuwa katika maelezo ya Twaha, ambayo hakuna aliyeipigia mstari, yeye mwenyewe akiwamo. Twaha alisema muda mrefu hakuona bomba likiongezwa. Askari aliyeyaandika alidhani mlinzi hajui mambo ya mitambo.

Ikiwa hakuna bomba lililoongezwa, Rogers na Venance hawakuwa juu ya mtambo wakiongeza bomba. Ila Bupe alijua hilo bado ni neno la rafiki wa marehemu dhidi ya sanduku la mkandarasi. Wakili yeyote angeleta mjiolojia wake na magodoro yake. Kilichotakiwa ni mchanga mwingine wa kisima kile kile ambao Rogers hakuugusa, na Kokushubila akasema haujui uliko, kama upo.

Kokuberwa, mjane wa Erasmus, alikuwa amefikia kwa shemeji yake huko Wazo. Vumbi jeupe la saruji lilikuwa limetanda juu ya majani ya mpera wa uani. Wanawake waliomsindikiza kutoka Bukoba walikuwa sebuleni wameketi chini, na yeye katikati yao, kitenge cheusi, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Bupe akatoa pole, akakaa nao chini. Alipolitaja jina la Twaha na ombi lake, shemeji akasimama mlangoni.

Akasema hilo halitakuwepo. Mjane hapelekwi kutazamana na muuaji wa mumewe.

"Mtuhumiwa," alisema Bupe.

"Neno tu hilo."

"Kesho halitakuwa neno tu. Ndiyo maana nimekuja leo."

Shemeji akageuka kumtazama Kokuberwa, akitegemea aseme hapana. Kokuberwa akamwashiria Bupe aendelee. Bupe hakumweleza mambo ya sanduku. Alimuuliza tu mumewe alikuwa na tabia gani kazini.

Kokuberwa akasema alikuwa mtu wa kuchosha. Kila kitu mara mbili. Ujanani alifanya kazi na watu wa mafuta, wakamzoesha: sampuli huchotwa mafungu mawili, fungu moja la mwenye kisima, fungu jingine la mashaka. Hilo la mashaka mchimbaji hatakiwi kujua kama lipo, maana kazi yake ni kumsuta siku akidanganya.

"Na huwa linawekwa wapi?"

"Nyumbani halikuwahi kuingia. Alikuwa akisema linawekwa kwa mtu mwaminifu ambaye hana haja ya kujua lina maana gani."

Alilisema, kisha akamwinulia Bupe macho. Wakatazamana hivyo mpaka mmoja wa wale wanawake akakohoa. Kokuberwa akajiinua, akauliza viatu vyake viko wapi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza na viti vitatu. Twaha alipoingia na kumwona Kokuberwa hakukaa. Alibaki amesimama karibu na ukuta, akampa pole ya msiba kwa maneno mengi ya taratibu, kama wanavyopeana watu wa pwani, akamwombea subira yeye na watoto. Kokuberwa alimwacha amalize. Vidole vyake vilikuwa vimeishika punje moja ya rozari, haviendi mbele wala nyuma.

"Ulimuua?"

"Sikumuua, mama. Nilimkuta kwenye tope, nikamtoa. Sikumuwahi."

"Sasa umeniitia nini?"

"Marehemu aliniachia amana. Aliniambia asiiguse mtu wala asiijue mtu mpaka yeye mwenyewe aje kuichukua. Hayupo tena, mwenyewe sasa ni wewe. Ningempa afande kabla yako, ningekuwa nimeila."

Bupe akaegemea meza. "Unakwenda kushtakiwa kwa kuua na ulikuwa na kitu unakificha?"

"Sikukificha, afande. Nimekihifadhi. Na ni mchanga tu, hauhusiani na kesi."

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumbembeleza aseme. Erasmus hakuwa akifika Chamazi kila siku. Siku nyingi zilimwishia Keko kwenye karatasi. Alimfundisha Twaha kazi ndogo: kila bomba likiongezwa, chota konzi moja kwenye mfereji wa tope, mpe mkeo aoshe na kukausha, tia ndani ya kifuko. Vifuko alivishona Mwajabu kwa vipande vya kanga. Siku ile ya Alhamisi Erasmus alikuja asubuhi, akatazama sanduku la Rogers limejaa mpaka chumba cha mwisho, akamwuliza Twaha vifuko vingine viko wapi. Twaha akasema havipo, bomba halijaongezwa, vifuko vitupu vimebaki nyumbani. Erasmus hakuamini. Ndipo aliposema unanidanganya.

"Halafu?" aliuliza Bupe.

"Halafu akageuka, akautazama mtambo. Akaniomba radhi. Akasema nenda kaswali mzee wangu, mie nakwenda kumuuliza Rogers swali moja."

Kokuberwa akaiachia ile punje ya rozari, akashika inayofuata.

Mwajabu alikuwa bado benchini, hotipoti tupu imerudi kikapuni. Bupe akamwambia Twaha ameruhusu vifuko vitolewe. Mwajabu hakumtazama Bupe kabisa. Alimtazama mwanamke wa kitenge cheusi.

"Ndiye wewe mwenyewe?"

"Ndiye mimi, dada."

"Basi twende. Wali nilikuwa naonja mie, wao wanafikiri ndio mtihani wangu. Kumbe mtihani ni hii amana yako."

Vilikuwa chumbani kwake Chamazi, vimening'inia nyuma ya mlango karibu na mbuzi ya kukunia nazi, vimetungwa kwenye kamba ya katani kwa mpangilio wa kujazwa, kifuko cha kwanza mwanzo wa kamba, cha mwisho mwishoni. Mwajabu akavikabidhi kwa mikono miwili, kwa Kokuberwa, naye ndiye akampa Bupe. Kokushubila, waliyempitia njiani, akapiga magoti sakafuni akavifungua kimoja kimoja mbele ya wote, sanduku la Rogers likiwa pembeni. Vya mwanzo vilikubaliana na sanduku. Vikaendelea kukubaliana, mchanga kwa mchanga, hadi kwenye udongo wa bluu. Hapo kamba ikaisha.

Chini ya kitanda Mwajabu akatoa mfuko wa rambo. Ndani yake vifuko vitupu, vimeshonwa pindo vizuri, vimekunjwa, vinasubiri.

Kule kisimani Rogers aliwapokea getini na tabasamu. Alikuwa amevaa fulana ya Jumapili, simu mkononi. "Karibu sista afande. Nyie hamna hata siku ya kupumzika?"

Bupe akamtaka arudie maelezo yake, akayarudia vile vile. Bupe akamwomba sasa, yeye na Venance, waongeze bomba moja mbele yake, kama siku ile. Rogers akasema mtambo leo umepumzika, na hakuna kuugusa bila kibali. Bupe akasema sawa, hatuugusi. Akampa ishara Kokushubila, naye akafungua kamba ndefu yenye mafundo ya kipimo, akafunga nati nzito ya chuma kwenye ncha, akaanza kuiteremsha ndani ya bomba.

Rogers akasema kamba itakwama. Venance, fundi wa mtambo, alikuwa ameegemea tangi la dizeli, macho yameganda kwenye kamba. Ilishuka fundo baada ya fundo kwa mwendo mmoja, na sehemu kubwa ya kamba ikiwa bado imezungushwa begani kwa Kokushubila, ikalegea. Akaivuta kidogo, akaiachia. Ikalegea pale pale.

"Mia sita ulisema," alisema Bupe. "Hapa hata mia mbili hazijatimia."

"Imenasa hiyo. Nimewaambia."

Kokushubila akaipandisha. Nati ikatoka imepakwa udongo mzito wa bluu. Kokuberwa, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akafungua kifuko cha mwisho akakiweka kando ya nati.

Bupe akamwacha Rogers, akamwendea fundi. Hakupandisha sauti.

"Venance. Kesho Twaha anapelekwa mahakamani kwa neno lako. Alhamisi mliongeza bomba gani?"

Venance akamtazama bosi wake, kisha akaitazama ile kamba. "Sikuwepo," alisema.

"Venance," alisema Rogers.

"Sikuwepo, afande. Bomba lilishakwama kitambo, bosi alisema mradi ukijua atanyang'anywa kazi. Siku ile alinituma Mbagala kufuata dizeli. Nimerudi, Twaha yuko ndani ya shimo anapiga kelele watu waje, na bosi kasimama hapa juu, mikono mfukoni. Akaniambia tulikuwa tunaongeza bomba. Mie nikasema tulikuwa tunaongeza bomba."

"Na spana ya zamani iko wapi?"

Venance akashtuka kidogo, kama mtu aliyesikia jina la nduguye. "Sijaiona tangu siku ile. Kesho yake ikaletwa hiyo mpya."

Bupe akaomba pampu iwashwe, tope linyonywe. Rogers alianza kucheka, cheko likakatika katikati. Akaenda getini, akawakuta askari wawili wa doria aliowaagiza Bupe wamesimama hapo, akarudi akakaa juu ya bomba. Tope lilishuka polepole, likiacha alama kwenye kuta za shimo. Lilipofika usawa wa magoti, mshikio wa chuma ukachomoza.

Ndipo Rogers akaanza kusema, bila kuulizwa. Kwamba Erasmus alimpandia juu akamshika shati. Kwamba alisema atamfuata kila ofisi mpaka kampuni ifungwe. Kwamba yeye alitaka kumtisha tu, na mtu akateleza. Bupe akamsomea haki zake, akamwambia hayo yote atayasema kituoni na yataandikwa. Mama muuza mihogo alikuwa amekuja mpaka kwenye uzio, mikono imejaa unga, akauliza kumbe siye mzee Twaha.

Jua lilikuwa bado halijazama Twaha alipotolewa. Afande Stanley alikuwa ameligeuza lile shtaka lililochapwa kifudifudi juu ya meza yake, akamwambia Bupe alete maelezo mapya, na akaongeza kwamba safari hii yeye mwenyewe atayasoma mara mbili.

Benchini Mwajabu alisimama. Hakumkimbilia mumewe, watu walikuwa wengi. Alimkagua tu kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akamuuliza kwa nini jana alirudisha nusu ya chakula. Twaha akasema wali ulizidi chumvi. Mwajabu akasema kama ni hivyo akilaumu kisima.

Kokuberwa alikuwa amebaki pembeni na Kokushubila. Vifuko vilivyojaa vilikuwa vimeshabaki kwa Bupe, vimefungwa kwa lakiri kama kielelezo. Mkononi Kokuberwa alikuwa na ule mfuko wa rambo wa vifuko vitupu. Alimuuliza Kokushubila swali moja kwa Kihaya, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili wote walisikie: maji aliyoyasema mume wangu, yapo au hayapo?

"Yapo pale pale alipoyahesabu," alisema Kokushubila. "Hakuna aliyeyafikia bado. Akipatikana mchimbaji mwingine, tutaanza shimo jipya kando ya lile."

Kokuberwa akamwendea Twaha. Akaunyoosha mfuko kwa mikono miwili, kama alivyokabidhiwa mchana.

"Hivi vimebaki, mzee wangu. Kazi haijafika chini."

Twaha aliutazama mfuko, akamtazama mkewe, Mwajabu akatikisa kichwa kukubali. Akaupokea kwa mikono miwili vilevile, akaubana kwapani juu ya kanzu iliyokunjamana. Halafu akamsogelea Kokuberwa kidogo, akageuza mgongo ili Bupe asisikie, ingawa Bupe alisikia.

"Na safari hii, mama," aliuliza, "nani na nani wanaruhusiwa kujua?"